Mstari wa Pili

Kazini kwake walimwita Mzee Kokoto, na jina hilo hakusingiziwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mchoraji wa mifumo ya ethi katika vituo vya kupozea umeme, yaani ile kazi ya kuzika nyaya za shaba ardhini ili umeme ukipotea njia uwe na pa kwenda bila kupita mwilini mwa mtu. Juu ya wavu huo wa shaba humwagwa kokoto, kwa sababu umeme hupita kwenye kokoto kwa shida, na aliyesimama juu yake anakuwa na kinga. Mzee wetu alikuwa na ugonjwa wa kokoto. Alitembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati, na akifika kituo kipya alichuchumaa kabla hata hajasalimia watu, akaichomeka rula katikati ya mawe na kusoma kina. Mkandarasi mmoja aliwahi kumwaga sentimita kumi badala ya kumi na tano, akaamriwa aongeze kokoto kituo kizima. Maskini akalalamika kwamba sentimita tano si kitu.

"Si kitu kwako," Mzee Kokoto akamjibu. "Siku umeme ukipotea, wewe utakuwa nyumbani umekunja nne."

Vijana wa ofisini walimwogopa. Mchoro wenye kosa dogo ulirudishwa ukiwa umejaa wino mwekundu, na mwenye mchoro aliitwa kusimama mbele ya meza yake aeleze mwenyewe alipokosea. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba katika kazi hii uzembe ni kuua polepole, akalisema hilo mara nyingi mpaka watu wakaanza kumwigiza sauti.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mzee huyu anapoanza kuniudhi.

Miaka minane nyuma alitumwa kuchora ethi ya kituo kipya pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja cha udongo mwekundu uliochanganyika na mawe. Kabla ya kuchora chochote lazima udongo upimwe. Vigingi vinne vya chuma hupigiliwa kwa mstari mmoja, mashine ikapitisha umeme kidogo, ikasoma udongo unaupinga kiasi gani. Ukimaliza unahamisha vigingi na kupima mstari wa pili unaoukata ule wa kwanza, kwa kuwa ardhi haifanani pande zote. Sharti hilo la mstari wa pili ni yeye mwenyewe aliyeliingiza kwenye fomu ya idara, tena kwa ugomvi, wenzake walipodai kwamba anawaongezea kazi bure.

Siku hiyo jua lilikuwa la utosini na ardhi imekataa. Fundi mpimaji, mtu wa maneno machache waliyeanza naye kazi ujanani, alipiga nyundo mpaka kiganja kikatoka malengelenge, na vigingi viwili vikapinda.

"Mzee, kule kwenye tangi panachomeka," fundi akasema, akijifuta jasho kwa mkono wa shati.

Kwenye tangi la maji la wajenzi, kweli, palichomeka. Udongo ulikuwa laini, vigingi vikaingia bila kelele, na namba zikatoka nzuri ajabu. Mtu mwenye uzoefu wake alipaswa kujiuliza kwa nini ardhi iliyokuwa jiwe hatua hamsini nyuma imekuwa rafiki ghafla. Na wala hakuhitaji kujiuliza, kwa sababu tangi lilikuwa linavuja. Aliuona mkondo wa maji. Aliuruka ili asichafue viatu.

Ukabaki mstari wa pili. Ilikuwa saa nane na nusu. Mkuu wa idara wa wakati ule alikuwa ameahidi kuwarudisha mjini kwa gari lake lenye kiyoyozi, na alikuwa mtu wa kuondoka saa tisa kamili bila kumngoja mtu. Atakayechelewa angerudi nyuma ya pikapu, pamoja na vigingi na nyundo. Mzee Kokoto akaitazama fomu, akalitazama gari. Kisha akaiweka fomu juu ya boneti ya pikapu na kujaza namba za mstari wa pili kutoka kichwani. Alichukua zile za mstari wa kwanza, hapa akapandisha kidogo, pale akashusha kidogo, ili zisifanane mno. Fundi mpimaji alikuwa anakunja waya. Aliona, akaendelea kukunja waya.

Kiti cha nyuma kilikuwa na ubaridi mtamu. Mzee alilala njia nzima.

Kwa namba zile, hesabu zilionyesha kwamba nje ya uzio wa kituo hapahitaji kokoto wala waya wa ziada wa shaba. Mtu angeweza kusimama nje na kuushika uzio hata siku ya hitilafu, asipate zaidi ya mshtuko mdogo. Ndivyo karatasi ilivyosema. Kituo kikajengwa, tangi likaondolewa, na ardhi ya pale ikakauka na kuwa jiwe kama ndugu zake.

Basi mwaka huu, katikati ya kiangazi, kunguru akaja na kipande cha waya mdomoni, anajenga kiota juu ya mihimili ya kituo. Waya ukagusa pasipoguswa, umeme ukashuka kwenye chuma na kuingia ardhini kwa muda usiofika nusu sekunde. Kwa muda huo mfupi kila chuma cha kituo, pamoja na uzio, kilipanda nguvu, na ardhi ya nje haikupanda nacho. Wakati huohuo nje ya uzio alikuwepo mama mmoja, kibarua wa kufyeka nyasi kavu ili moto usije ukaingia kituoni. Alikuwa ameushika uzio kwa mkono wa kushoto ili asiyumbe, na kwa wa kulia anavuta mmea uliotambaa. Umeme ukaingia mkononi, ukapita kifuani na kutokea miguuni.

Mlinzi alimkuta amelala chali, hapumui. Alimbana kifua kama alivyofundishwa, akamrudishia pumzi. Mfyekaji alipona, tunashukuru, lakini kiganja cha kushoto kiliungua, na vidole vitatu havikunjiki tena.

Ikaundwa kamati ya watu watatu kutafuta chanzo: mkuu wa idara wa sasa, ambaye ni mwanamke aliyewahi kufundishwa kazi na mzee, afisa usalama, na Mzee Kokoto mwenyewe. Nani mwingine angeulizwa habari za ethi? Walipofika kituoni, mzee alienda moja kwa moja nje ya uzio, akachuchumaa, akajaribu kuichomeka rula ardhini. Ikagoma. Akajaribu tena kwa nguvu, ikapinda. Akatazama mahali lilipokuwa tangi, ambapo sasa palikuwa na miba mikavu, na hapo hapo akajua. Joto lilimpanda shingoni mpaka masikioni. Alibaki amechuchumaa hivyo hivyo, kwa sababu akisimama wangemwona uso.

"Mzee, ethi iko sawa?" afisa usalama akamuuliza kwa juu.

"Iko sawa."

Neno lilitoka lenyewe, kwa ile sauti yake ya siku zote, na afisa usalama akaliandika. Wakati mwingine mtu hadanganyi kwa kupanga. Heshima yake ndiyo inayomjibia, naye anabaki kuitetea.

Jumamosi iliyofuata alimpigia simu fundi mpimaji, wakaenda wawili tu. Safari hii walipima mistari yote miwili, na ikawachukua toka asubuhi mpaka alasiri. Mashine ikasoma mara kumi na moja zaidi ya namba za kwenye fomu. Mzee akaizima, akaiwasha, ikasoma vilevile.

"Mzee," fundi akasema, bila kumtazama, "mimi siku ile nilibeba nyundo tu."

"Najua."

"Nina mke mgonjwa. Usinitie humo."

"Sikutii."

Walirudi mjini. Mzee alimwonea haya hata fundi, mtu ambaye kwa miaka yote alimtuma kama mkono wake mwenyewe.

Jambo moja alilifanya haraka, nalo tumhesabie. Jumatatu aliagiza waya wa shaba uzikwe kuzunguka nje ya uzio, na juu yake kokoto sentimita kumi na tano, upana wa mita moja na nusu. Hapo hatari iliondoka. Lakini alipoulizwa sababu, alisema ni kuzuia majani yasiote. Ofisi nzima ikacheka. "Mzee na kokoto zake! Sasa amehamia na nje!" Kijana mmoja alimwigiza anavyochuchumaa na rula, watu wakashika mbavu. Yeye pia akacheka. Alipofika nyumbani alikwenda bafuni akanawa uso mara tatu, kama mtu aliyetemewa mate.

Mkewe si mtu wa kudanganywa kirahisi. Aliona chakula kimerudi jinsi kilivyopakuliwa.

"Unaumwa?"

"Tumbo tu."

"Tumbo gani hilo linalokufanya ushindwe kunitazama?" Mkewe akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Mume wangu, mficha uchi hazai. Kama kuna kitu, sema."

Alifungua kinywa. Alikusudia kusema, nina hakika. Lakini alimwona mwanamke huyu ambaye kwa miaka thelathini amewaringia mashoga zake kwamba mumewe hajawahi kuchukua njia ya mkato, akasikia aibu ikimbana ulimi. Akasema kamati inamchosha. Mkewe akaondoa sahani.

Rasimu ya ripoti ikaja mezani siku ya Alhamisi. Chanzo, iliandikwa, ni uzembe wa mfanyakazi: hakuvaa viatu vya kazi, na alishika uzio kinyume cha maelekezo. Ni kweli alikuwa na kandambili. Hakuna aliyeandika kwamba viatu hakuwahi kupewa, na maelekezo yenyewe yalibandikwa upande wa ndani wa lango, ambako yeye haruhusiwi kuingia. Sehemu ya ethi, aliyoiandika mzee kwa mkono wake, ilikuwa na sentensi moja: mfumo ulichorwa kwa kufuata vipimo halisi vya udongo. Ripoti ingepelekwa kwa mkurugenzi Jumatatu, na ikishapita, mfyekaji hana kazi, hana fidia, na jina lake limekwisha.

Mzee Kokoto, mrudisha michoro ya watu kwa kosa la nukta, aliisoma mara mbili. Akasaini. Nyani haoni kundule, wamesema, ila huyu aliliona barabara akalivalisha suti.

Ijumaa mkuu wa idara akasema yeye na mzee waende kumpa pole majeruhi, ndiyo utu. Wakanunua machungwa na sukari. Mfyekaji alikuwa anakaa na mumewe, wanawe wawili na mama mkwe katika vyumba viwili vya nyumba ndefu ya wapangaji, milango imepangana, na uani kuna bomba moja ambapo mama mkwe alikuwa anafua. Aliwakaribisha bila kusimama, mikono ikiwa povuni. "Piteni, yupo ndani. Siku hizi atakwenda wapi?" Hakusema kwa ukali sana. Alisema kama mtu aliyekwisha kulizungumza jambo hilo mara nyingi.

Chumba kilikuwa kisafi, kitanda kimetandikwa shuka la maua, daftari za watoto zimepangwa juu ya sanduku. Mfyekaji alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa ameufunika mkono wa kushoto kwa kanga, na alipoona wageni wa ofisini alihangaika kuwatafutia viti kwa mkono mmoja. Mzee alisogea kumsaidia, mama akakataa, wakaketi. Mkuu wa idara akatoa pole ya ofisi. Mfyekaji akaipokea, kisha akapiga magoti sakafuni mbele yao.

"Nawaomba radhi," akasema.

Mkuu wa idara akasema hapana, mama, simama, lakini mfyekaji alikuwa ameyaandaa maneno yake muda mrefu, na hakukubali yakatwe.

"Nimewaletea taabu. Afisa alikuja akanieleza vizuri kwamba nilishika pasipotakiwa. Sikujua, lakini kutojua si sababu. Hata wanangu nimewaambia, mama yenu alifanya uzembe, ninyi mkikua msifanye hivyo. Naomba mnisamehe. Mkono wa kulia ni mzima. Naweza kushika fyekeo kwa mkono mmoja, nimejaribu hapo uani." Akaishika kanga isiteleze. "Ila nimesikia mmemwaga kokoto nje, ili majani yasiote. Jirani yangu kapita akaona. Sasa nauliza tu, baba. Ndiyo kusema mmeniondolea kazi?"

Alimuuliza mzee, kwa kuwa ndiye mwenye mvi.

Watu husema mtu hutamani ardhi ipasuke immeze. Mzee Kokoto alikuwa ameishi na ardhi maisha yake yote, na hakutamani hata hilo. Alitamani tu mwanamke huyu asimame. Akashuka kitini, naye akapiga magoti, kwa shida, maana magoti yake yalikuwa mabovu, na wakawa wanatazamana pale sakafuni kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka.

"Hukukosea," akasema.

"Baba?"

"Hukukosea kitu. Mtu yeyote angeweza kuushika uzio ule, hata mtoto, na ilikuwa kazi yangu kuhakikisha hadhuriki. Mimi ndiye niliyechora ethi ya kile kituo. Nilitakiwa kupima udongo mara mbili. Nilipima mara moja, palipolowa, na ya pili niliitunga. Nikaandika namba za uongo kwa sababu nilitaka kuwahi gari. Kokoto zile si za majani. Nimezimwaga nje kuficha kosa langu."

Uani bomba lilikuwa linatiririka.

"Mzee," mkuu wa idara akasema taratibu, "twende tukayazungumze ofisini."

"Ripoti ile ni ya uongo, bosi. Sahihi yangu naifuta leo."

"Umebakiza miaka miwili ustaafu. Unajua unachosema?"

"Najua. Nimejua wiki tatu."

Mkuu wa idara aliinamisha uso. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kushika penseli ya kazi, na alikuwa amewahi kulia chooni kwa ajili ya wino wake mwekundu. Hakujua amkasirikie au amwonee huruma, kwa hiyo akayatazama machungwa.

Mfyekaji alikuwa anamkazia macho mzee, midomo inacheza, kama anayerudia moyoni maneno aliyoyasikia ili ahakikishe hayakimbii. Kanga ikamteleza, na mkono ukaonekana, ngozi imevutana, vidole vitatu vimesimama vyenyewe. Mzee akaangalia pembeni.

"Usiangalie huko," mfyekaji akasema. "Angalia hapa."

Akaangalia.

"Kwa hiyo mimi sikukosea."

"Hukukosea."

"Wiki zote hizi."

"Wiki zote hizi."

Mzee alingoja kutukanwa. Angeshukuru kutukanwa. Badala yake mfyekaji akasimama, akakung'uta magoti, akaenda mlangoni. "Mama!" akaita. "Mama, njoo mara moja."

Mama mkwe akaja anajifuta mikono kwenye nguo, akashangaa kumkuta mzee mzima wa ofisini yuko chini.

"Kuna nini tena?"

"Huyu baba ana neno," mfyekaji akasema. Akamgeukia mzee. "Rudia."

Mara ya kwanza maneno yalikuwa yamemtoka kwa kusukumwa. Mara ya pili ilibidi ayabebe moja moja. Alirudia tangi lililovuja, na mstari wa pili, na gari lenye kiyoyozi. Alipofika kwenye gari sauti ikamkatika, akaanza upya, kwa kuwa mama mkwe hakumsaidia hata kwa kutikisa kichwa. Mkuu wa idara alikuwa ametoka nje na simu sikioni, anamtafuta afisa usalama.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama mkwewe, si mzee.

"Nami nilikuita mzembe," akasema. "Kila siku. Mbele ya wanao."

Mfyekaji aliokota kanga, akajaribu kuifunga kwa mkono mmoja, ikamshinda, na mama mkwe akamfungia. Alimfungia polepole, akakaza fundo, akalinyoosha. Alipomaliza ndipo alipomgeukia mzee, na hakuwa na matusi yoyote.

"Watoto wanatoka shule saa saba," akasema. "Kaa uwasubiri."

Mzee akainuka, akashika kiti, akakaa. Ilikuwa saa tano na robo.